Dengu za Raja

Kitendawili! Amesimama dukani nusu saa, hanunui, haibi, na mvua ikikatika hatoki. Ni nani? Mkishindwa nipeni mji, nami sitaki mji mdogo, nitachukua London nzima. Ni Elkana.

Elkana alikuwa mtu wa Kakamega, mwenye koti zuri kuliko hali yake. Kazi yake ilikuwa kuongea. Na tusimcheke peke yake. Sisi tuliovuka kuja huku tuna ugonjwa mmoja: tukiandika barua nyumbani, kalamu inatupandisha cheo. Anayefagia ofisi anaandika kwamba yuko ofisini. Anayeosha sahani anaandika kwamba yuko kwenye hoteli kubwa. Elkana tofauti yake ni kwamba alijipandisha cheo hata kwa watu waliokuwa wanamwona.

Siku hiyo alikuwa amejikinga mvua katika duka la Mahendra, pale Kilburn, naye alikuwa na shida ya kweli. Dada yake Peris, nesi, aliyemlaza kwenye kochi miezi minane, alimwambia asubuhi ile, "Elkana, watoto wangu wanafika kutoka Kenya Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia leo. Hilo kochi ni kitanda chao. Ukiwa bado juu yake, watakulalia."

"Dada, utanitupa barabarani?"

"Sikutupi. Nakusukuma polepole."

Basi akiwa pale, akiwaza atalala wapi, akamwona mama mmoja wa Kihindi, sari chini ya koti zito, miwani moja machoni na nyingine kichwani. Alikuwa mbele ya rafu ya chakula cha paka, anashika kopo, anasoma, anarudisha, huku akinung'unika kwa Kiswahili.

"Kuku. Hili nalo kuku. Samaki. Kuku tena! Ee Mungu, hakuna kopo lisilo na maiti ndani?"

Elkana akavuta koti, akakohoa kidogo. "Hujambo, mama. Hicho Kiswahili ni cha Kisumu."

"Kisumu kabisa! Nilizaliwa nyuma ya soko. Naitwa Usha. Na wewe?"

"Elkana, wa Kakamega. Sisi majirani, mama. Na nyumbani una paka anayeumwa tumbo."

"Umejuaje?"

Amejuaje! Mtu anayesoma makopo ya paka kwa miwani mbili hatafuti biskuti. Lakini Elkana alifumba macho kama nabii. "Mimi ni daktari wa mifugo, mama. Hasa matumbo."

Udaktari wenyewe ulikuwa hivi: kwa siku mbili alimsaidia mjomba wake kupeleka ng'ombe kwenye josho, na siku ya pili ng'ombe akamkanyaga.

Usha akamweleza yote. Paka aliitwa Raja. Marehemu mumewe alimleta nyumbani akiwa mdogo, ndani ya mfuko wa koti, na sasa Raja anatapika kila siku, mifupa inahesabika. Nyumba yao haili nyama, hata yai haliingii. Paka amepewa wali, maziwa, viazi, dengu.

"Na mama mkwe wangu, tunamwita Ba, anakaa jikoni tangu chai mpaka chai. Kiingereza hasomi, lakini picha anaziona. Akiona mdomo wa kuku kwenye kopo, kopo linatoka dirishani. Daktari, huyu paka akifa, sijui nitaizoea vipi ile nyumba."

Macho yake yalilowa kweli. Elkana naye alihuzunika, kwa muda wa kama kupiga chafya.

"Mama, una bahati. Nina makopo maalumu kwa paka wenye tumbo dhaifu. Dengu na karoti, nyama hakuna. Madukani hayauzwi."

"Bei?"

Elkana akataja. Usha akaikata nusu, akaikata tena nusu, kama mtu aliyezaliwa nyuma ya soko. Elkana akakubali. Alikuwa ameshaliona kopo la bei ya chini kabisa katika rafu ileile.

"Na Raja akipona," Usha akaongeza, "nina chumba juu. Kina dirisha na hita. Mpangaji amehama. Kitakuwa chako."

Hapo Elkana aliona kochi la Peris likimpungia mkono. Mahendra, kwenye kaunta, hata uso hakuinua.

Kesho yake Elkana alinunua kopo la samaki, lile la bei ya chini, akalibandua lebo kwa maji moto, akabandika karatasi aliyoichapisha maktaba: picha ya karoti, picha ya bakuli la dengu, na paka anayecheka. Akalipeleka. Ba, mzee mdogo kama ndege, akaligeuza mara tatu mwangani, akaiona karoti, akaridhika.

"Mlishe wewe mwenyewe, daktari," Usha akasema. "Mimi mikono yangu inatetemeka."

Elkana akamlisha. Raja akala kwa pupa, akazunguka jikoni mara moja, akatapika ndani ya ndala ya Ba.

"Dengu zako zimechacha!" Ba akafoka.

"Ni tumbo linajisafisha, Ba. Dalili nzuri."

"Basi dalili nzuri ioshe."

Elkana akaiosha. Siku ya tatu akaleta kopo la nyama ya ng'ombe ndani ya mchuzi mzito. Safari hii Raja hakutapika. Alimpandia daktari magotini, na kilichomtoka nyuma kilimfanya Elkana arudi nyumbani kwa basi akiwa amesimama, hata viti vilipokuwa vitupu.

"Daktari," Usha akamwambia kwa upole, "nakuona umechoka. Labda chumba nimpe mtu mwingine?"

Jamani, mwanadamu akitishiwa chumba husoma! Elkana alikaa maktaba siku mbili na vitabu vya paka. Akajifunza kwamba maziwa huwasumbua paka wengi, kwamba paka hawezi kuishi kwa dengu hata ukimwombea, kwamba tumbo dhaifu lataka nyama ya aina moja tu, bila ngano wala rangi, na kwamba chakula kipya huchanganywa na cha zamani kidogo kidogo kwa wiki nzima. Akarudi kwa Mahendra, akasimama mbele ya rafu akisoma makopo mgongoni, akinung'unika vilevile kama Usha. Mwisho akalipata: kopo dogo, kuku mtupu, la paka wa tumbo dhaifu. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyopatana na Usha.

Akalinunua. Akalibandua. Akabandika karoti.

Siku ya kwanza kijiko kimoja ndani ya wali. Ya pili viwili. Siku ya nne Raja hakutapika. Siku ya saba alilamba bakuli mpaka likasogea chini ya meza, kisha akaenda kujilaza miguuni pa Ba kama mwenye nyumba. Usha alimpigia Elkana simu kumweleza kinyesi kilivyokuwa kigumu na kizuri, maneno ambayo mwanamume hategemei kuyafurahia, lakini Elkana nusura aruke.

Kitendawili kingine: nikiuza napata hasara, nikiacha nakosa pa kulala. Huyo naye ni yuleyule.

Ijumaa, siku moja kabla ya watoto wa Peris kufika, alikuwa dukani anatoa senti zake za mwisho kwa kopo la kesho. Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Usha na kikombe cha chai.

"Mahendra, mdogo wangu, kunywa kabla haijapoa." Kisha akamwona. "Ah! Daktari! Unanunua kuku wa nani?"

Elkana alitazama kopo, akamtazama Usha, akamtazama Mahendra. Pua zilikuwa moja.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Tumbo moja."

"Kwa hiyo tangu mwanzo... ulijua?"

"Bwana, ndugu yangu alikuwa ananiambia kila kopo ulilochukua. Lile la samaki nilikuonea huruma."

"Mama, umenitapeli!" Elkana akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti yake ilikuwa ya mtu mwaminifu aliyedhulumiwa.

"Mimi? Mimi nimenunua dengu." Usha akaketi juu ya kreti. "Sikiliza, kijana. Nyama siwezi kununua, Ba siwezi kumdanganya. Hayo ni makosa yangu mbele ya Mungu. Lakini nikidanganywa na daktari, kosa si langu. Wiki nzima nilikuwa nasimama hapa nikiomba aje mwongo. Ukaja na koti."

Kumbe siku ile ya mvua walioona nafasi walikuwa watu wawili, na sisi tulimwangalia mmoja tu.

"Nitamwambia Ba!"

"Mwambie. Mwambie umeingiza kuku jikoni mwake, ukamlisha paka kwa mkono wako. Fimbo yake iko nyuma ya mlango."

Mahendra akanywa chai. Elkana akafikiri. Akafikiri habari ya fimbo, akafikiri habari ya kochi.

"Na chumba?"

"Mimi si mwongo," Usha akasema. "Chumba ni chako. Na makopo utaendelea kuleta, bei ileile."

Elkana alihamia Jumamosi na mkoba wake mmoja. Jioni wakamwita mezani. Ba mwenyewe alimpakulia, maana daktari aliyemponya Raja alikuwa sasa mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba hula cha nyumba: dengu, viazi, chapati, na dengu nyingine za rangi tofauti. Mtu wa Kakamega, jamani, ambaye kwao mgeni asiyechinjiwa kuku huhesabiwa hakufika! Chini ya meza Raja alikuwa anatafuna taratibu, na harufu ya kuku ilipanda mpaka puani kwa Elkana, kuku aliyemnunua yeye, kwa hasara yake.

Kijiko kikasimama njiani.

"Kula, mwanangu," Ba akamhimiza, akimwongezea. "Usione haya. Mtazame Raja alivyonenepa, na yeye anakula dengu hizihizi."

Usha akainamia sahani yake, mabega yakimtikisika. Elkana akala.