Mitaa Kumi na Mmoja Kabla ya Chakula cha Mchana

Jumatatu, 9 Juni

Mgeni amefika! Mama Dorine, mwalimu mstaafu kutoka Lusaka, amefikia kwa dada yangu Adela. Kiswahili anacho, cha kuokoteza. Kesho anataka kutembea mitaani polepole, auone mji, basi. Adela akapendekeza atembezwe na jirani yangu Aidan, fundi cherehani. Aidan! Mtu anayekaa benchi moja tangu asubuhi hadi jioni! Nikasema haiwezekani, Aidan ana matumbwitumbwi, mashavu yote mawili. Mama Dorine akasikitika sana. Kazi nikapewa mimi: nimepanga mitaa kumi na mmoja kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu Walburga kauliza mbona Aidan alikuwa anacheka uani kwake leo. Nimemwambia ni homa.

Jumanne, 10 Juni

Saa mbili, Majengo. Saa mbili na robo, tumeshatoka Majengo. Baridi kali, miguu inaniwasha kwenda. Mama Dorine anasimama kila mahali! Anawaamkia wazee wote shikamoo, anauliza bei ya ndizi asizonunua. Mtaa wa Lizaboni kaketi kwa muuza togwa, kanywa kikombe, kasema hapa pazuri. Nikamwambia mbele ni pazuri zaidi. Nikatangulia, nikieleza historia ya barabara, ya mitaro, na ya mimi mwenyewe. Kufika mtaa wa Bombambili nageuka: nyuma yangu yuko mbuzi.

Mgeni wa watu! Nimempoteza!

Nikakimbia kwa muuza togwa. Kafunga, kaondoka. Sokoni hayupo. Mtendaji wa mtaa akaniuliza mgeni amevaa nini. Sijui. Mrefu? Sijui. Ana miwani? Hilo nalo sijui. Asubuhi nzima nimekuwa naye, sijamtazama hata mara moja. Mtendaji akafunga daftari, akasema pengine mama wa watu amenikimbia.

Nikarudi nyumbani nikiwaza nitamwambia nini Adela. Kumbe yuko kwa Aidan! Alikwenda kumjulia hali mgonjwa, muuza togwa akamsindikiza. Wameketi benchi moja, yeye, Aidan na Walburga wangu, wanamenya karanga na kucheka. Ana miwani. Aidan akaniuliza mashavu yake yanaendeleaje. Nikaangalia paa.

Mama Dorine hakukasirika. Alisema, "Baba, umenipoteza vizuri. Hii ndiyo siku niliyoitaka."

Walburga aliendelea kumenya karanga, hata hakunitazama. Hicho ndicho kilichoniuma.

Jumatano, 11 Juni

Mama Dorine kaondoka kwenda Mbamba Bay. Kaacha salamu kwa Aidan, mara mbili. Nimemwomba Walburga msamaha. Kasema hakumbuki lini tuliketi pamoja bila mimi kuchungulia saa. Anaomba jambo moja tu: Jumapili baada ya misa tukae nje, tusiende popote. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nimeahidi kwa moyo wote.

Alhamisi, 12 Juni

Ratiba ya Jumapili iko tayari. Saa nne, kukaa barazani. Saa nne na robo, kukaa nyuma ya jiko. Saa nne unusu, kukaa kwa shangazi Verediana, Msamala. Saa tano, kukaa mlima Matogoro, juu kabisa, kisha sehemu tano nyingine. Aidan siku nzima hukaa sehemu moja. Hadi adhuhuri sisi tutakuwa tumeshakaa sehemu tisa!