Kigari cha Magurudumu Manne na Mgongo Wangu

Malolo, Ruangwa
Mei, 1951

Kwa Mkwe wangu Mheshimiwa,
Bwana Mikidadi, Fundi wa Matrekta,
Nachingwea.

Mkwe wangu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mikono imejaa grisi kama kawaida. Sisi huku hatujambo, ila tumepata mgeni.

Kwa kuwa mila hainiruhusu kusimama mbele yako nikakutolea yaliyo moyoni, nimemkalisha mume wangu Bashiri aandike. Kuandika alijifunza jeshini. Maneno ni yangu, yeye ni mkono tu, na ameahidi kutopunguza hata moja ingawa anakohoakohoa sana kabla ya kuyaandika.

Mgeni mwenyewe ni kile kigari cha mtoto ulichokishusha hapa kwa lori. Katika barua uliyoiacha nacho umetueleza kwamba umepewa bure na bwana wako Mzungu wa karanga, anayefunga mizigo arudi kwao. Umeeleza pia kwamba mkewe amekufundisha kuwa mbeleko hupinda miguu ya watoto, hivyo mwanangu Mwamini asimbebe tena mjukuu wangu Sabaha mgongoni. Na kwamba kwa sababu sasa kigari kipo, Mwamini hahitaji tena msaada wangu, arudi Nachingwea na mtoto mwisho wa mwezi. Nashukuru kwa kunijulisha. Yafuatayo ni malalamiko yangu, na nimejitahidi yawe machache.

1. Miguu. Nilipousikia ushauri huo nilimwita Mwamini asimame mlangoni nimkague, maana huyo nilimbeba mimi kwa mbeleko mpaka alipoanza kunikimbia. Miguu yake imenyooka. Ulipokuja kuposa sikusikia ukiilalamikia. Bashiri naye alibebwa mgongoni, akaenda vitani kwa miguu hiyohiyo, wala hakuna aliyemrudisha nyumbani kwa sababu ya matege. Lakini sisi hatukusoma, labda tumepinda na hatujijui.

2. Wataalamu. Hao Wazungu wako nawaheshimu sana. Walikuja na mashine za kung'oa pori lote ili walime karanga, nasi tulikuwa tukizilima kwa jembe na tukizila. Sasa wanaondoka, na karanga zenyewe tunaendelea kuzisubiri. Ni kweli, watu wenye ujuzi kiasi hicho si vizuri kuwaacha waende kabla hawajatufundisha kulea watoto pia.

3. Njia. Kigari chako kinataka barabara, na Malolo tuna visiki na mchanga. Juzi Mwamini alikwenda nacho kisimani. Wakati wa kurudi, ndoo kichwani, mikono yote miwili kwenye kigari, magurudumu yakazama. Ikabidi jirani yetu Albina aache kinu chake aje ashike mbele, Mwamini anyanyue nyuma, mtoto katikati analia, na ndoo ya maji ikabaki njiani. Wanawake wawili wakambeba mtoto mmoja. Mbeleko ilikuwa inamtaka mmoja tu, tena ikimwachia mikono yake. Kwa hiyo naomba utuletee trekta mojawapo kati ya hayo yaliyokosa kazi, lituchongee barabara kutoka mlangoni kwangu hadi kisimani, halafu hadi shamba la ufuta, halafu kwa Albina, na likipata nafasi hadi chooni. Matrekta mawili yatakuwa bora zaidi.

4. Starehe. Mtoto akiwa mgongoni anasikia sauti ya mama yake, anachungulia begani aone kinachotwangwa, na usingizi ukimjia analaza shavu analala. Ndani ya kigari anaona turubai. Hata hivyo sitaki kusema uongo, starehe imo. Kuku wangu mwekundu amekikubali mara moja, ametaga humo, na ukimtoa anakudonoa.

5. Heshima. Ulipomwoa Mwamini uliniletea kitambaa cha mbeleko, kama desturi ilivyo, kuushukuru mgongo uliombeba. Nilikipokea kwa furaha, na ndicho nilichokuwa nikimbebea Sabaha. Sasa naomba unisaidie kufikiri. Siku Sabaha atakapoolewa, mume wake ataleta nini, na atampa nani? Tutakikalisha kigari kwenye mkeka, tukivishe kanga mpya, wakwe waje wakipe pole kwa kazi ya kulea? Na huyo bwana arusi ataleta kitambaa, au ataleta mafuta ya magurudumu? Watu watatucheka mpaka Nambambo.

6. Mimi. Hapa Bashiri amekohoa tena, lakini aandike. Ikiwa magurudumu yanambeba mtoto, bibi anabaki wa nini? Nilimpokea Sabaha kwa mikono yangu alipozaliwa. Nimemwogesha, nimemnyamazisha akiota meno, halafu unaniandikia kwamba sihitajiki tena kwa sababu kimepatikana chuma. Jambo hili limeniuma, mkwe wangu, na sioni haja ya kulipamba.

Kwa sababu hizo zote, nakutaka uje ukichukue kigari chako Ijumaa hii, uwarudishie wenyewe wapande nacho meli. Mwamini na mtoto waache hapa.

Nisalimie mama yako na wote wa nyumbani kwenu. Msalimie pia huyo mke wa Mzungu, umwambie namwonea huruma, kuzaa asibebe. Bashiri anakusalimu kwa mkono wake mwenyewe. Albina naye anasalimu, ingawa bega bado linamuuma.

Ni mimi mkweo,
Mwanaima, mama yake Mwamini.

Nyongeza. Nilidhani tumemaliza, lakini Bashiri amekataa kuikunja barua mpaka niseme lililobaki. Haya, nasema.

Tangu nilipoanguka na mzigo wa kuni, mgongo wangu haumwezi tena mtoto. Juzijuzi nilijitia nguvu nikamfunga Sabaha, mguu ukanikataa, nikaenda chini kwa magoti na mbeleko ikalegea. Albina alimdaka. Mwamini hajui, na wewe usimwambie.

Toka siku hiyo, Mwamini akienda shamba, nakitoa kigari nakisukuma taratibu hapa uani, penye udongo mgumu. Nakiegemea, nami mgongo unatulia. Na mtoto amelala ananitazama. Nimebeba watoto miaka mingi, mkwe wangu, sikuwahi kujua kwamba mtu akiwa mgongoni kwako humwoni akicheka. Huyu nikimwimbia anacheka mpaka miguu inarukaruka.

Basi Ijumaa njoo, lakini usije na lori. Njoo na mafuta ya magurudumu, yanapiga kelele yanamwamsha. Ile mbeleko uliyoniletea nimeitandika ndani, alalie. Kuku nimemtafutia pakacha lake. Mwamini na mtoto niachie mpaka tumalize kuvuna ufuta, ndilo ombi langu. Na siku mtakayoondoka, kigari ondokeni nacho. Nisibaki nacho hapa kitupu.