Dawa ya Kompyuta kutoka Kombani

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Alhamdulillahi, kazi nimeipata! Mzee Jaafar wa hapa Mwabungo anamwoza bintiye Jumamosi ya tarehe kumi na nne, na kadi za mwaliko nitazipiga mimi, Mwero, kwa kompyuta niliyouziwa na hoteli moja ya Diani ilipoleta mpya. Majina mia tatu na kumi nimekwisha kuyaingiza. Daftari alilonipa Mzee Jaafar nimelitia motoni. Mke wangu Twaiba amelalamika. Nimemwambia karatasi ni ushamba.

Bi Esha, mwalishi wetu, amenuna. Miaka thelathini anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaalika watu harusini kwa mdomo, leo kadi zimemtoa kazini. Ati kadi haijui kupiga hodi. Wivu tu!

Jumatano, 4 Agosti

Kompyuta inajikokota. Shemeji yangu Shutu, fundi wa kompyuta za hoteli, amekuja kunihubiria: nisitie disketi nisiyojua imetoka wapi, majina niyanakili kwenye disketi safi, niifunge, niiweke kabatini. Nimemshukuru kwa adabu. Maneno yote hayo, na dawa hana! Fundi gani?

Mwenye dawa nimempata mwenyewe, Kombani. Jamaa wa bara, aitwa Ndambuki, tai shingoni, anauza disketi za kuua virusi chini ya mwavuli. Nimenunua, nimerudi mbio, nimeitia. La haula! Virusi mia nne na kumi na wawili! Disketi imesema wamejichimbia, haiwawezi, niitafute ya pili.

Ijumaa, 6 Agosti

Kombani tena. Ndambuki amesema virusi wangu ni sugu, ila ameshaona wabaya zaidi. Mtu mwenye subira sana.

Disketi ya pili imewaona wale wale, kisha ikaniuliza kwa Kiingereza kirefu kama nakubali vyote vifutwe. Nani asiyekubali? Nimebonyeza ndiyo. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Virusi hawapo. Majina hayapo. Kadi hazipo.

Siku nane zimebaki. Ua wa Mzee Jaafar ukiwa mtupu, aibu itamwangukia yule binti, naye hana kosa lolote. Twaiba amesema majuto ni mjukuu. Nimemwomba anyamaze.

Jumatatu, 9 Agosti

Siku mbili nimejaribu kuyakumbuka majina. Nimepata kumi na manane, na manne kati ya hayo ni ya marehemu. Twaiba ameniburura mpaka kwa Bi Esha. Nimetoa shikamoo kwa sauti ndogo kama mtoto aliyevunja mtungi. Ameitika marahaba, kisha akaniacha nimesimama hapo muda mzuri. Makusudi!

Amekubali, ila nimbebee mkoba na hodi nipige mimi. Tumeanza leo. Galu yote kwa miguu! Bi Esha hana karatasi wala kalamu. Anajua kila jina, anajua nani ameumwa wa kujuliwa hali, na nani haketi pamoja na nani. Sauti imenikauka kwa hodi. Kesho tunaendelea.

Jumapili, 15 Agosti

Harusi imefana! Watu walijaa mpaka barabarani, biriani ikapikwa mara ya pili. Mzee Jaafar alimtunza Bi Esha doti mbili za leso mbele ya kadamnasi. Mimi alinipa mkono tu. Nilistahili. Binti alikuwa anacheka, nami machozi yalinilengalenga kwa furaha.

Leo Shutu ameifuta kompyuta yangu yote, akaiacha tupu kama ilivyotoka kiwandani. Ameniapisha disketi zile nizitupe. Nimeapa. Alipotoka nikaona niijaribu ile ya kwanza mara moja tu, nihakikishe kazi yake.

La haula! Virusi mia nne na kumi na wawili! Hata mmoja hajapungua! Shemeji ameshindwa, masikini, na sitamwaibisha mbele ya dada yake. Alfajiri niko Kombani kwa Ndambuki.