M.R.B. Ni Mizigo Tu

Jumatatu, 7 Mai 2001

Jina limepanda! Kibao kiko juu ya mulango yangu hapa Kimemi: M.R.B. Rangi nyekundu, kila herufi kubwa kama sufuria. Maana yake Messagerie Rapide ya Butembo, kupeleka mizigo mbio. Mbele ya leo batu balikuwa banasema tu "kwa Phinées, pale banapeleka mizigo Beni". Hiyo hapana jina. Hiyo ni kuelekeza mutu njia.

Yote ni juu ya Abigaïl, bibi yangu wa ndoa. Alienda Beni, kule Mulekera, kusaidia dada yake Kavuo kuzaa. Mutoto alizaliwa, akaota meno, sasa anatembea. Abigaïl hajarudi. Anasema barabara, anasema vita. Ni kweli. Lakini kabichi za Musienene zinapita ile barabara kila siku na zinafika salama. Mwisho alinitumia neno la wazi: amechoka na biashara yangu ya sungura, amechoka na sabuni yangu iliyotoboa mashati ya pasteur. Atarudi siku nitakuwa na kazi yenye jina. Sawa! Alitaka jina. Jina hili hapa.

Josaphat, anayepeleka mizigo vilevile, ngambo ya barabara, hana kibao hata kidogo. Alitoka, akasoma, akarudi ndani bila kunisalimia. Wivu!

Nimemutuma Mathe, mwenye piki-piki, apeleke koli, mufuko wa mizigo ya Abigaïl: viazi na poireaux, vitunguu vya majani. Na neno moja: kazi iko na jina. Jina lenyewe nimemukataza kulitaja. Nataka bibi yangu alione kwa macho yake.

Nilipika fufu ya batu babili tena. Mukono umezoea hivyo. Nilikula yote.

Jumanne, 8 Mai

Hakuna koli hata moja. Batu banapita upande ule wa Josaphat, macho chini.

Mama Agar alikuja na maharagi ya kumupelekea mutoto wake Kakule kule Beni. Aliinua macho ku kibao, akasimama. Kiisha akaanza kunisalimia kwa mikono miwili, akipiga magoti, yeye aliyenibeba mugongoni! Alisema raia balishatoa kwa ba kwanza, bakatoa kwa ba pili, basi sisi tubahurumie. Ba kwanza gani? Alipima maharagi nusu, akaniachia, akakimbilia kwa Josaphat na nusu ingine. Nilimufuata nimurudishie. Akazidisha mbio.

Maharagi yake ni matamu. Sijui nimemukosea nini.

Jumatano, 9 Mai

Nimeelewa!

Delphin alikuja asubuhi, mwalimu wa zamani, kravati shingoni, na benzake. Baliomba kikao. Delphin alisema kwa heshima kwamba M.R.B. itahitaji mutu wa kuangalia masomo, na yeye yuko tayari. Mwingine aliomba kuangalia madini. Nilishangaa. Kiisha nikaona. Tangu vita ianze, kila aliyeingia hapa na bunduki aliingia kwanza na herufi tatu. Mouvement ya waasi inazaa mouvement, inabadilisha jina, inazaa tena. Batu banadhani M ni Mouvement!

Nilibaambia hapana, M ni Messagerie, ni koli. Delphin akanikonyeza jicho. Alisema banaelewa, kazi kama hii lazima ifichwe kwanza, Président.

Ningepaswa kubafukuza. Lakini viti vyangu vyote vilikuwa na batu. Tangu Abigaïl aende hakuna aliyekaa pale. Nilichemusha chai. Balicheka mizaha yangu yote, hata ile ya sungura. Kila baliponiita Président nilisema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo.

Alhamisi, 10 Mai

ABIGAÏL ANAKUJA! Mathe amerudi na habari. Jumamosi, na taksi ya Beni. Alipoambiwa kazi iko na jina alicheka, kiisha akaanza kufunga mizigo yake akiimba. Mathe anaapa: akiimba!

Nimefua mashuka. Nimefagia mpaka nyuma ya choo. Nimemuambia bibi ya Josaphat, ambaye hakuniuliza.

Shida moja tu. Akute duka bila muteja? Haiwezekani. Donc, basi, nimefafanua jina. Chini ya M.R.B. nimeongeza maneno ya kuvuta bateja, rangi ileile:

M.R.B. INAFIKA BENI MBELE YA JUMAPILI. HAKUNA WA KUTUZUIA.

Sasa hata mutoto mudogo ataelewa ni koli. Bashofere ba Beni balisimamisha magari bakasoma, kiisha bakaondoka mbio sana. Jina linatembea!

Ijumaa, 11 Mai

Kimemi imefunga. Maduka, kinu, hata mama wa mandazi. Nilitembea peke yangu katikati ya barabara. Nilisikia viatu vyangu.

Delphin alikuja mbele ya chai kujiuzulu. Alisema mutoto wake anaumwa. Yule wa madini hakuja kabisa. Viti ni vitupu tena.

Kiisha akaja askari. Aliuliza kwa Lingala mukubwa wa M.R.B. ni nani. Nilisema mimi. Aliuliza jeshi iko wapi. Nilimuonyesha mizani na mufuko wa kabichi. Alipanda ku mizani, akajipima, akahuzunika kwa alichoona. Nilimueleza yote kuhusu koli. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alisema kibao kishuke leo, ama nitalala cachot, gereza yao.

Nilimuomba mpaka kesho magaribi, bibi yangu aone kwanza. Aliuliza bibi yuko wapi. Nilimuambia. Alisema wake yuko Kisangani, hajui kama angali hai. Kiisha akakubali kesho magaribi, akabeba kabichi, akaenda.

Jumamosi, 12 Mai

Nilivaa koti ya ndoa. Nilifika ku parking ya taksi wa kwanza, mbele ya batu bote. Taksi ya Beni ilifika mushana. Ndani: shofere na mabido ya mafuta ya mawese. Hakuna mwingine.

Mathe, niliyemurudisha Beni kumusindikiza Abigaïl, alifika nyuma yake, vumbi mpaka ku kope. Alinieleza. Tangu asubuhi Beni nzima inasema M.R.B. inaingia mbele ya Jumapili na hakuna wa kuizuia. Batu ba Mulekera balifunga milango, bakabeba matandiko, bakakimbilia Oicha. Abigaïl alikuwa amekwisha kukaa ndani ya taksi, pembeni ya shofere, na kitambaa chake kipya. Aliposikia, akashuka, akamubeba mutoto wa Kavuo mugongoni, akaenda na bengine.

Ameniachia neno, alilisema akilia: Phinées ajifiche. Hao ba M.R.B. banatoka Kimemi kwetu. Aache mizigo yote, aokoe roho yake.

Anaogopa juu yangu! Nilimuuliza Mathe kwa nini hakumuambia M.R.B. ni mimi. Alisema nilimukataza kulitaja jina. Tena alisema, mbele ya batu bote wale, yeye hakutaka kujulikana kama mutu wa jeshi langu.

Nilirudi, nikashusha kibao mwenyewe. Mashuka ni safi. Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumuambia.

Jumapili, 13 Mai

Kanisani pasteur aliomba Mungu avunje M.R.B. na kutawanya baaskari bake. Batu bote balisema amina. Na mimi nilisema.

Nyumbani nilikaa nikatafuta kosa liko wapi. Nimelipata! Herufi. Herufi zinaficha, na mutu anaogopa kile hakijui. Donc hakuna herufi tena. Maneno mazima, mbao mpya, rangi nyeusi ya heshima:

FRONT COMMUN YA MIZIGO

Front, maana sisi ni ba mbele. Commun, maana ni ya bote. Nani ataogopa?

Na kwa Abigaïl kule Oicha nimeongeza maneno ya mapendo, makubwa kupita jina, ili bashofere bayapeleke mpaka kwake:

NINYI BENYE MULIKIMBIA: POPOTE MULIPOJIFICHA, TUTABAPATA.

Akisikia hayo, atajua moyo wangu.