Misimu Minne kwa Siku Nne

Jumatatu, 3 Novemba
Mdogo wangu kapita saluni asubuhi, kanikuta nimesinzia kwenye kiti cha wateja. Anasema Mama anatimiza miaka sabini na tano Jumamosi, na zawadi anayoitaka ni daftari langu. Nikajifanya sijaelewa.

Nilielewa vizuri sana. Januari Mama alivunjika nyonga. Tangu hapo anaishi kwa mdogo wangu, chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta. Kwa miaka thelathini alishonea nguo kwenye baraza hili ninaponyolea watu, akiutazama mjakaranda wa ng'ambo ya barabara. Nikamwahidi nitauchora kila Jumapili na kumpelekea, ili misimu isimpite. Halafu nikawa namwambia nakusanya kwanza, nimwonyeshe mwaka mzima kwa mpigo.

Daftari nimelikuta chini ya taulo. Kurasa zilizochorwa: tatu. Zote za Januari. Moja ni ya paka.

Jumanne, 4 Novemba
Jumapili arobaini, siku nne. Kumi kwa siku. Inawezekana.

Tatizo: sikumbuki mti ulikuwaje wakati wa masika. Nikawauliza wateja. Mwalimu kasema ulikuwa kijani kibichi. Dereva kasema ulikuwa mtupu. Mzee mstaafu wa posta kauliza mti gani. Ananyolewa hapa mwaka wa kumi na mbili huu, kiti kinautazama.

Nikiwa nachora huku nanyoa, kisogo cha mwalimu kimekwenda upande. Nimemwambia ndio mtindo.

Jumatano, 5 Novemba
Rangi sina. Shemeji, mume wa mdogo wangu, ni mchora mabango. Alimchorea Mama ndege wawili, wamebandikwa juu ya kitanda, kila mgeni anaonyeshwa. Kwa macho yangu ni kuku.

Nimemwomba rangi ya zambarau. Kauliza ya nini. Nikasema ya kibao cha saluni. Haikupita saa, kaja na ngazi kunisaidia. Mchana mzima umekwenda. Sasa nina kibao cha zambarau ambacho sikukitaka, na wapita njia wanakisifu. Nimebakiza kopo moja.

Alhamisi, 6 Novemba
Masika: nimepulizia kurasa maji kwa chupa ya kulowanishia nywele, zionekane zimenyeshewa. Zimegandana. Aprili na Mei sasa ni mwezi mmoja.

Kiangazi: nimepaka chai ya rangi, nikaikausha kwa mashine ya nywele. Ukurasa wa Februari umeungua pembeni. Ukame haswa.

Kipupwe: mgongo umechoka. Nimechora ukungu. Kurasa nane kwa nusu saa. Sijui kwa nini watu hulalamikia baridi.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemaliza vuli. Mjakaranda umechanua kweli leo, barabara yote imetandikwa maua. Nimeuchora nikiwa nimeupa mgongo, maana mwanga wa upande huo ulikuwa unaniumiza macho.

Jumamosi, 8 Novemba
Mama kavaa miwani, kafungua daftari taratibu. Shemeji nyuma yake, shingo kama ya bata bukini. Alipofika Oktoba, Mama kaweka kidole kwenye mti.

"Mwanangu, hili tawi la kulia si lilianguka Aprili?"

Shemeji kakohoa. Tulilikata vipande mimi na yeye, msumeno mmoja, na ndiye aliyempelekea Mama habari. Nikasema msanii huchora kile moyo unachokumbuka. Mama akauliza mbona moyo umeandika tarehe za mwaka mzima kwa kalamu moja. Fundi cherehani yule. Mshono mbovu haumpiti.

Kisha akawaomba wengine wakachemshe chai. Tukabaki wawili.

"Mti naujua," akasema. "Nimeutazama miaka thelathini. Nilitaka wewe uje."

Nikakosa pa kuweka macho, nikayaweka dirishani. Ukuta. Akageuza kurasa hadi kwa paka, akasema, "Huyu ndiye uliyemwona kweli." Akaichana ile karatasi, akaiweka chini ya mto. Daftari akanirudishia.

Mlangoni mdogo wangu kaninong'oneza kwamba kila Jumapili Mama huomba asukwe nywele mapema, asikutwe ovyo. Jumapili zote hizo. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikuwa na nguvu ya kukaa na watu.

Jumapili, 9 Novemba
Nimefunga saluni. Nimekaa barazani, nimeuchora mti kama ulivyo, pengo na yote. Mistari michache tu. Nikampelekea. Tumekaa saa mbili, habari nyingi zilikuwa za mapazia. Kalala karatasi ikiwa mkononi. Nimeapa sitakosa Jumapili hata moja.

Jumatatu, 10 Novemba
Mwili wote unauma. Na Jumapili, nimegundua, ndiyo siku yenye wateja wengi.

Nimenunua daftari jipya. Nimekaa tangu asubuhi, na kufikia chakula cha mchana nimeshachora Jumapili zote hadi Juni: kiangazi, masika, na ukungu wa kutosha. Safari hii nimetumia kalamu tano tofauti. Kila wiki nitampa mdogo wangu ukurasa mmoja ampelekee, nami nipumzike kidogo. Mama hatoki nje. Atajuaje?