Ngome Yangu na Salamu za Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Mei
Nimepigwa tena! Kwenye banda la gemu la Zamda, hapa Korogwe, mbele ya watu. Gemu ni ile ya vita iliyotokana na filamu za mazimwi: unajenga ngome, unachimba dhahabu, unafundisha jeshi, na mwenzako anafanya hivyo hivyo kwenye kompyuta ya pili. Haisimami hata ukipiga chafya. Keriako, kijana wa Kimasai, wa juzi tu, kutoka Handeni anayeleta ng'ombe mnadani, kanichomea kila kitu huku akitafuna karanga. Karanga! Nimemwambia turudiane Alhamisi, na atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo kila wakutanapo. Mimi, baba wa watoto wanne! Zamda kauliza kama nina homa. Sina homa. Nina mpango.

Jumanne, 6 Mei
Wamasai wana adabu kwa wazee. Akiingia mzee katikati ya vita, Keriako lazima aache mausi, ainuke, asalimie. Hapo ndipo mazimwi yangu yatapita. Mzee ninaye: baba mkwe, Mzee Sharifu wa Mashewa, ambaye salamu zake zinatosha kuivisha maharage. Nimemwalika chai na chapati kwa Zamda. Kafurahi sana. Mke wangu Mwaija kauliza tangu lini nampenda baba yake. Nikasema tangu zamani.

Jumatano, 7 Mei
Mazoezi. Zamda kanishauri nijenge ukuta upande wa mto. Ukuta wa nini? Dhahabu yote kwenye mazimwi.

Alhamisi, 8 Mei
Aibu! Nilikuwa naongoza, wallahi. Mazimwi yangu yalishafika langoni kwake. Baba mkwe akaingia. Keriako akainamisha kichwa tu, mkono ungali kwenye mausi. Mzee akamgusa utosini, kumbe ndiyo salamu ya kijana wa Kimasai kwa mzee, basi, kwisha. Nani angejua? Zamda anasema kila mtu anajua.
Kisha mzee akanigeukia mimi. Baba mkwe husalimiwi naye umekaa, wala humpi mgongo. Nikasimama. Akauliza habari za Mwaija. Za watoto. Za mihogo. Za paa. Za yule mbuzi aliyevunjika mguu mwaka jana. Nyuma yangu nikasikia minara ikianguka. Akaanza upya kwa Kizigua. Alipomaliza, chapati zilikuwa zimepoa na mimi sina hata tofali.

Ijumaa, 9 Mei
Nimekimbilia Mombo, eti kutafuta nyanya. Keriako hana shughuli Mombo. Likasimama basi la Lushoto, abiria wakanunua mahindi ya kuchoma, na nani kashika hindi dirishani? Nikainama nyuma ya tenga. Akaniita kwa jina. Nikasema shikamoo, chini chini. Akasema hasikii, injini inanguruma. Nikarudia kwa sauti. Basi zima likaitika marahaba.
Imeniuma, sifichi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimempigia Keriako turudiane. Kakubali kabla sijamaliza sentensi. Nikishinda, shikamoo inafutwa. Nikishindwa, itakuwa “shikamoo, mzee”. Sishindwi! Kosa nimeliona: nilikosea mzee. Safari hii namwalika mama mkwe. Mwaija anasema ukimlinganisha na mama yake, baba yake ni bubu. Ananitania tu. Nimeshaagiza chapati.