Kebo, Antena na Avoka za Mama Mukamurenzi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jana posa yangu iliharibika kwa sababu ya mtandao. Naandika taratibu ili nielewe mwenyewe.

Tulikuwa nyumbani kwa kina Joyeuse, mchumba wangu. Anayenisemea ni baba mdogo Kamate, kwa kuwa baba yangu hayupo tena. Baba mdogo yuko mbali, Butembo. Barabara haipitiki, na ndege hapandi hata akipewa tiketi ya bure. Basi akazungumza kwa video, simu yangu imeegemea thermos ya chai. Papa Baharanyi, babake Joyeuse, akamwuliza kama kijana wake ana tabia nzuri. Mtandao ukakatika hapohapo. Baba mdogo akabaki mdomo wazi, macho juu, kama mtu aliyeulizwa jambo zito mno. Tulisubiri. Papa Baharanyi akasema ameelewa.

Joyeuse amemwomba atupe Jumapili nyingine. Amekubali, ila safari hii kwangu, hapa Mabanga, aone mahali binti yake ataweka sufuria. Na uso wa muzee ukiganda tena, alisema, habari imekwisha.

Lazima niweke internet nyumbani. Kebo au antena? Sijalala.

Jumanne, tarehe 4

Ofisini Himbi nimewauliza wenzangu. Nusu wanasema kebo. Nusu wanasema antena. Wote wanalalamika.

Jioni nilipita kwa Luc, anayeuza kebo. Alisema antena ni ya watu wanaopenda kusali kila mvua ikinyesha. Nilikubali. Kisha nikapita kwa Apolline, anayeuza antena. Alisema kebo ya Luc hukatwa na kila lori lenye mzigo mrefu. Nilikubali pia. Siwezi kumkatalia mtu anayenitazama usoni.

Luc atakuja keshokutwa, Apolline Ijumaa. Nitachagua baada ya kuona. Mpango wa busara, nadhani.

Alhamisi, tarehe 6

Tatizo. Kebo kutoka barabarani ni lazima ipite juu ya parseli, kiwanja cha Mama Mukamurenzi, mjane wa upande wa pili wa ukuta. Luc akanituma nikaombe ruhusa.

Namwogopa mama huyu. Hajanifanyia ubaya wowote. Anasalimia, basi. Halafu anauliza kwa nini nimekonda, nitaoa lini, nani ananipikia. Nikisikia kandambili zake, mimi huingia nyuma ya pazia. Nilifika kwenye lango lake na hotuba nzuri kichwani. Nikarudi nayo. Luc nilimwambia mama amekubali kwa mikono miwili.

Luc na fundi wake walipitisha kebo katikati ya mti wa parachichi wa mama, avoka tunavyouita, wakati mama yuko misani. Inafanya kazi. Nimemwona baba mdogo mpaka pengo la jino lake.

Hapo ilifaa nimzuie Apolline. Nilimpigia. Alipokea kwa furaha sana, nikamwuliza ameshindaje, nikakata.

Jumamosi, tarehe 8

Nimechoka. Nieleze kwa mpangilio.

Jana Apolline alileta antena. Fundi wake aliifunga juu ya bati langu, kwenye nguzo ileile iliyoshika kebo. Kumbe mti wa avoka unauficha mnara wa mtandao. Tawi moja tu, alisema Apolline, mwombe jirani alikate. Nikasema jirani ameshakubali. Naona sentensi hiyo inanitoka kwa urahisi siku hizi.

Leo Mama Mukamurenzi alikwenda Kanyaruchinya kumwona dada yake katika kambi ya wakimbizi. Nikapanda mti na msumeno wa kuazima. Tawi liliangukia kebo. Kebo ikavuta nguzo. Nguzo ikashuka na antena. Vyote sasa vimelala mbele ya jiko lake, pamoja na avoka nyingi, zote mbichi.

Nilioga, nikaingia nyuma ya pazia. Alirudi jioni. Nilisikia kandambili zikisimama. Afadhali angepiga kelele.

Jumapili, tarehe 9

Papa Baharanyi alifika na Joyeuse. Sikuwa na kebo wala antena. Simu ikarudi kwenye thermos.

Baba mdogo alianza vizuri. Alisalimia, akasifu ukoo, akasema kijana wetu ana kasoro moja tu, nayo ni... Mtandao ukakatika. Mdomo wazi, macho juu. Papa Baharanyi aliutazama uso ule, kisha akaanza kutafuta kofia yake. Joyeuse alikuwa ameinama.

Kandambili.

Mama Mukamurenzi aliingia bila kubisha, beseni la avoka kichwani, kebo imeviringishwa begani. Akaweka beseni mbele yangu, akasema nimezikata mbichi, basi nitazikula mbichi. Ndipo akaona wageni. Akaona na simu. Akauliza huyu muzee anaumwa nini. Joyeuse alimweleza yote.

Mama akavuta kiti, akakaa kati ya simu na Papa Baharanyi.

"Papa, kasoro nitakuambia miye. Huyu mutoto ni mwoga. Nikimusalimia anakimbilia pazia, miguu inabakia inje. Lakini wakati nilikuwa mugonjwa, kila asubuhi nilikuta bidon ya maji kwa mulango. Alizani sijue ni nani. Mupatie binti. Huyu ataogopa hata kumukosea."

Papa Baharanyi alicheka mpaka akaketi tena. Akamwuliza mama kama yeye ndiye anayesimama mahali pa mzazi wangu. Mama akauliza anaona mwingine hapa? Posa ikapokelewa. Hapohapo baba mdogo akarudi, akamalizia: "...anachelewa kuamka." Hakuna aliyemsikiliza.

Akitoka, mama aliniambia ana kebo ya internet ndani kwake tangu Pasaka. Binti yake wa Ubelgiji analipa, na mama huitumia Jumapili tu, kuwaona wajukuu kwa video. Ningeita tu juu ya ukuta, internet yake ingenifikia mpaka kitandani. Nipite nichukue neno la siri, na chai itakuwepo.

Jumatatu, tarehe 10

Joyeuse amesema niende kushukuru na sukari. Nimenunua sukari. Nilifika mpaka langoni. Nikasikia kandambili. Sukari iko hapa mezani.

Luc na Apolline wamepiga simu kuulizia vitu vyao. Wote nimewaambia kila kitu kiko sawa.

Mahari itazungumzwa mwezi ujao, na baba mdogo anataka kuonekana vizuri. Ofisini kuna jamaa anauza sahani ya satelaiti. Inatazama mbinguni moja kwa moja, haipiti kwa jirani yeyote. Jioni alikuja kupima. Amesema panafaa sana, ni tawi moja tu la avoka linasumbua.

Nimemwambia jirani ameshakubali. Kesho asubuhi mama yuko misani.